Siku Mkuu Alipoziba Njia ya Maji

Kwa karibu miaka miwili nilifundisha habari za mapango bila kuingia hata pango moja. Nilichora ubaoni mawe yanayoning'inia kutoka juu na mawe yanayoota kutoka chini, nikawataka wanafunzi wayataje kwa Kiingereza, wakayataja, wakafaulu, nami nikapewa barua ya pongezi. Nilianza hivyo Kibondo mwaka 2012, nilipopangiwa kazi ya kwanza nikitoka nyumbani Upareni, na nikaendelea hivyohivyo nilipohamishiwa shule moja ya upande wa Nyakitonto, mwendo wa kutosha kutoka Kasulu mjini. Shule yenyewe sitaitaja. Wahusika wengi bado wako hai na wana vyeo.

Kwenye nyumba za walimu alikuwa akija kila Jumamosi mama mmoja aliyetuuzia unga wa muhogo na maharage. Aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akaolewa hapa, na siku nyingi sasa alikuwa raia wa Tanzania. Cheti chake alikifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Alinizidi kama miaka kumi. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mwalimu, ingawa wenzangu wote waliniita madam.

Jumamosi moja mwishoni mwa 2013 alichelewa. Alipotua mzigo niliona magoti yake na kitenge chake kwa mbele vimejaa vumbi jeupe. Udongo wa Kasulu ni mwekundu, unaingia hadi kwenye meno, kwa hiyo weupe ule ulinishangaza.

"Umetoka wapi, mama?"

"Kwenye maji, mwalimu. Bomba limekufa tena. Tunachota pangoni."

"Pango lipi?"

"Pango," alisema, kama mtu aliyeulizwa jua lipi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye. Mlango wa pango ulikuwa chini ya jabali, nyuma ya shamba la mihogo, na kwa mtu anayepita njiani ulionekana kama shimo la mhanga. Mama alijifunga kitenge vizuri, akashika tochi ndogo kwa meno, akalala kifudifudi na kupotea. Nilibaki nimesimama na vyeti vyangu vya Jiografia.

Kipande cha kwanza wanawake wa pale walikiita Kwa Mama Mkwe, kwa sababu unaingia umeinamisha kichwa na huthubutu kutazama juu. Unatambaa kwa viwiko kama urefu wa kitanda, halafu unapata nafasi ya kuchuchumaa. Baada ya hapo kuna Ubavu. Huo ni ufa uliosimama wima kati ya miamba miwili, mrefu kuliko mtu, mwembamba kuliko mtu yeyote anavyojidhania. Unapita kwa upande. Mkono wa kushoto unatangulia, uso unaelekea kushoto, kwa sababu upande wa kulia jiwe limetoa nundu usawa wa shavu. Na huwezi kupita na hewa kifuani. Unatoa pumzi yote, unasogea hatua moja, unavuta kidogo, unaitoa tena, unasogea. Mama alinifundisha hayo kwa maneno mawili ya Kiha, "buhoro, buhoro," yaani polepole, akayarudia mpaka nikatokea upande wa pili.

Huko ndani kulikuwa na chumba kikubwa kuliko bwalo letu la chakula, na bwawa la maji ya baridi, meupe, yanayodondokewa tone moja moja kutoka juu. Wanawake wawili walikuwa wakichota kwa kikombe cha bati. Waliniamkia. Nilitaka kueleza yale niliyokuwa nikifundisha, lakini niliona aibu kuwaeleza watu jikoni kwao.

Kutoka ni kazi zaidi ya kuingia, maana unatoka na ndoo. Ndoo inafunikwa kifuniko, inasukumwa mbele kwa mguu pale Ubavuni, kisha kwa kichwa pale Kwa Mama Mkwe. Mama alifanya hivyo mara tatu kwa siku.

Jumatatu wakati wa chai nilisimulia ofisini kwa walimu. Habari zilimfikia Mkuu wa shule kabla sijamaliza kikombe. Aliniita.

Mkuu wetu alikuwa mtu wa Songea, mnene, nadhifu, mwenye sauti nzuri ya kusomea matangazo. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba jambo ambalo halina barua halijatokea.

"Madam, uliingia huko kwa idhini ya nani?"

"Ya mama anayechota maji, Mkuu."

"Kuchota maji si mamlaka." Alifikiri kidogo. "Lakini wazo ni zuri. Wanafunzi wetu waone kwa macho. Tutakuwa shule ya kwanza eneo hili."

"Naweza kuwapeleka kumi kumi, kila Jumamosi."

"Hapana. Wanafunzi hawawezi kuingia mahali ambapo uongozi haujaingia."

Kutoka kwenye sentensi hiyo ilizaliwa kamati. Mkuu alikuwa mwenyekiti, makamu wake akawa makamu, mwalimu wa nidhamu akapewa usalama, nami nikawa katibu. Tulikutana mwezi wa pili, tukakutana mwezi wa tatu. Masika yakaingia, tukakutana kujadili kwamba ni masika. Makamu, mtu mwembamba aliyependa sana neno "utaratibu", ndiye aliyetaka vipimo rasmi vya njia. Nikatumwa. Niliazima futi ya kitambaa kwa fundi cherehani, nikaingia na mama, nikapima.

Kwenye kikao nilisoma: Ubavu, mahali pembamba kabisa, sentimita thelathini.

Makamu alitazama dari. Mwalimu wa nidhamu alianza kuchokonoa kucha. Kila mmoja wetu alielewa kwamba kipimo hicho hakina maana bila kipimo kingine, na kipimo hicho kingine kilikuwa kimekaa kichwani mwa meza na koti limefungwa vifungo vyote. Katika kumbukumbu za kikao niliandika kuwa kamati ilipokea vipimo vya pango na kuridhika navyo.

Nilijaribu njia ya pembeni. Huku kwetu mwezi wa saba asubuhi kuna baridi ya kweli, kwa hiyo nilipendekeza wanakamati washonewe sweta za sare kwa ajili ya ziara, na fundi aje kutupima kiuno na kifua. Mkuu alilipenda wazo hilo. Fundi alikuja, akatupima sisi watatu. Mkuu alimpelekea sweta yake aliyovaa mwaka aliooa, akasema atoe vipimo hapo.

Siku ya ziara ilikuwa Jumamosi, kiangazi cha 2014. Tulikwenda kwa pikapu ya shule, Mkuu mbele, sisi nyuma na sanduku la huduma ya kwanza. Tulipomwona amevaa suti ya bluu na tai, makamu aliuliza kwa adabu kama hataona tabu.

"Tunakutana na wananchi," Mkuu alijibu.

Wananchi walikuwepo. Mama alikuwa anatusubiri kwenye mlango wa pango pamoja na wanawake wengine watano na ndoo zao, na wawili zaidi walikuwa wameshaingia tangu alfajiri. Mkuu aliwasalimu mmoja mmoja. Mama alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, bila dharau, kama unavyotazama kabati kabla ya kuliingiza mlangoni.

"Mzee huyu hapiti," alisema.

Makamu alikohoa. "Mkuu, mama anasema njia ina changamoto."

"Nimesikia alichosema," Mkuu alijibu. "Nitapita."

Akatoa hotuba. Ilikuwa fupi kwa kipimo chake. Alizungumzia elimu kwa vitendo, akawashukuru wanawake kwa kulitunza pango, akawaomba wasubiri ziara imalizike ndipo waendelee na shughuli zao.

"Itamalizika saa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Saa nne na nusu," alijibu mwalimu wa nidhamu, akiwaonyesha ratiba.

Ikabaki suala la nani atangulie. Makamu alishikilia kuwa Mkuu hawezi kufuata nyuma ya mtu. Mama aliuliza, "Atangulie kwenda wapi, anaijua njia?" Baada ya kushauriana ilikubaliwa kwamba mama, kwa kuwa ni mwongozaji, hahesabiwi, na mimi, kwa kuwa nimeshika tochi, ni sehemu ya taa. Kwa hiyo Mkuu angekuwa wa kwanza, ingawa wa tatu. Makamu angemfuata. Mwalimu wa nidhamu alijaribu kuingiza sanduku la huduma ya kwanza, likagoma mlangoni, akabaki nalo nje.

Niseme ukweli: Kwa Mama Mkwe Mkuu alipita vizuri kuliko nilivyotarajia. Alitambaa kwa utulivu, tai imetupwa begani, akachomoza akiwa na vumbi usoni na furaha ya mtoto.

"Umeona, madam? Ni nia tu."

"Umefanya vizuri, Mkuu. Huu sasa ndio Ubavu. Tafadhali vua koti."

"Siwezi."

"Basi toa pumzi yote kabla ya kusogea. Yote kabisa."

Mama alipita, nami nikapita. Nikageuka na kumwangazia tochi. Mkuu aliingiza mkono wa kushoto, akaingiza bega, akaingiza nusu ya tumbo. Lakini mwanamume anayetazamwa huvuta tumbo ndani, na hewa yote hupanda kifuani. Ndivyo alivyofanya. Alisogea hatua mbili, ya tatu haikuja.

"Madam," alisema, "nadhani nimefika."

"Umefika wapi, Mkuu?"

"Nimefika tu."

Sauti ya makamu ilitoka nyuma yake, imebanwa. "Mkuu, tusukume au tuvute?"

"Subiri maelekezo."

Tukasubiri. Tone lilidondoka bwawani, likadondoka jingine.

"Maelekezo bado, Mkuu?"

"Nimesema subiri."

Wakati huo wale wanawake wawili walikuwa wamemaliza kuchota, wakaja na ndoo zimejaa. Walikuta mwanga wa tochi, na ndani ya mwanga huo nusu ya mtu mwenye suti.

"Ni nani huyo?" mmoja aliniuliza kwa kunong'ona.

"Mkuu wa shule."

"Anafanya nini?"

"Anakagua," nilisema.

Walitua ndoo na kuketi. Kutoka nje, kupitia Kwa Mama Mkwe na kupitia kando ya makamu, tulisikia wanawake wakiuliza kwa nini ziara imesimama, na mwalimu wa nidhamu akiwajibu kuwa saa nne na nusu bado. Hapo ndipo nilipoielewa hali yetu sawasawa. Maji yote ya kitongoji yalikuwa upande huu, watu wenye kiu walikuwa upande ule, na katikati alikuwepo mwenyekiti wa kamati.

Mama alisogea, akampapasa Mkuu ubavuni kama anavyopapasa gunia kujua limeshonwa wapi.

"Ana kitu mfukoni. Kigumu. Ndicho kimemshika."

"Usikiguse hicho," Mkuu alisema haraka.

"Ni nini?"

"Ni muhuri wa shule."

Muhuri ule ulikuwa na historia. Mwaka mmoja kabla, mtu alijiandikia ruhusa ya kwenda Kigoma wiki mbili na kujigongea muhuri mwenyewe. Tangu hapo Mkuu hakuuacha ofisini. Alitembea nao, pamoja na kikopo cha bati cha wino wake, kwenye mfuko wa koti. Alikwenda nao kanisani, akaenda nao kulazwa hospitali ya Kabanga. Koti lisingevulika kwa sababu hiyo.

"Basi utoke muhuri kwanza," mama alisema, "halafu utoke wewe."

"Hauwezi kutolewa hivihivi. Lazima ukabidhiwe kwa mtu anayeruhusiwa."

"Mimi naruhusiwa, Mkuu," alisema makamu kutoka gizani, upesi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema lolote. "Kwa nafasi yangu naruhusiwa. Nikinyoosha mkono naufikia."

Uso wa Mkuu ulibadilika. Shule nzima ilijua makamu anautaka ule muhuri kwa namna gani. "Toa mkono wako," alimwambia. Kisha akajaribu kwenda mbele kwa nguvu, akabanwa zaidi, na nikasikia hewa ikimtoka kwa mlio ambao haukuwa wa kusoma matangazo.

"Madam," aliniita polepole. "Sogea karibu. Ondoa tochi usoni kwangu."

Nikaielekeza chini. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake. Jasho lilikuwa linamtiririka na kuacha mistari kwenye vumbi jeupe.

"Kifua changu kinakataa," alisema. "Usiwaambie kwamba naogopa."

Nilikuwa nimekusanya vichekesho tangu asubuhi, nilipanga kuvisimulia Jumatatu kwa chai. Vyote viliniondoka. Nilimwambia sitawaambia. Nilimshika kidole cha mkono ule uliotangulia, kwa kuwa ndicho nilichoweza kukifikia, naye akanishika kwa nguvu kiasi kwamba pete yangu iliacha alama.

Mama hakushughulika na hofu yake. Alijisogeza mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa Mkuu.

"Kwenu wapi, mzee?"

"Songea."

"Songea mnalima nini?"

"Mama, huu si wakati wa..."

"Mnalima nini?"

"Mahindi. Kahawa, upande wa Mbinga. Tumbaku kidogo."

"Mahindi mnapanda mwezi gani?"

Akaeleza. Alianza kwa maneno ya kukatika, halafu sentensi zikarefuka. Akaeleza shamba la baba yake, bonde ambalo maji hayakauki, ng'ombe wao wawili wa kulimia na jinsi mmoja alivyokuwa mvivu. Mtu anayeongea hatunzi hewa. Niliona kifua kinashuka. Mama alikuwa akiuliza na huku anafungua pindo la kitenge chake, mahali alipofunga wembe, na alipofika kwenye swali la ng'ombe alichana mshono wa mfuko kwa mkupuo mmoja. Muhuri ulimwangukia mkononi. Kikopo cha wino kilifunguka na kumwagikia suti, blauzi yangu na viganja vya mama.

"Sasa usiongee. Pumzi nje. Nje yote." Kisha akapaza sauti. "Wewe huko nyuma, shika mkanda, vuta!"

Makamu, ambaye kwa robo saa nzima alikuwa anasubiri maelekezo, alivuta bila kuuliza yametoka kwa nani. Mkuu alirudi nyuma kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na akatoweka kutoka kwenye mwanga wetu. Alituachia kiatu kimoja.

Tulibaki wanawake wanne na muhuri wa shule. Ilibidi tusubiri watambae mpaka nje. Mmoja wa wale wawili aliuchukua muhuri kutoka kwa mama na kuugeuza.

"Hiki kinafanya nini?"

"Ukigonga hiki kwenye karatasi," nilimweleza, "mtu anakuwa ameruhusiwa."

"Kufanya nini?"

"Chochote kilichoandikwa."

"Na kama hakuna kilichoandikwa?"

Naye hakusubiri. Aliugonga kwenye kifuniko cha ndoo yake, juu ya plastiki nyeupe, ukatoka vizuri kabisa, zambarau, mduara mzima na jina letu. Mwenzake akataka na yeye. Nilikuwa katibu wa kamati, na wajibu wangu ulikuwa kuzuia. Niliwashikia tochi.

Tulipotoka nje, Mkuu alikuwa ameketi juu ya jiwe akiwa na shati lililochanika, soksi moja imejaa vumbi. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amefungua sanduku lake na hajui aanzie wapi, maana hapakuwa na jeraha. Nilimkabidhi Mkuu muhuri na kiatu. Aliupokea muhuri kwanza.

"Ukaguzi umekamilika," aliwaambia wanawake. "Mnaweza kuendelea."

Hakuna aliyecheka. Walimshukuru, wakachukua ndoo zao, wakaingia mmoja mmoja Kwa Mama Mkwe. Tulikuwa tumeshaanza kuelekea kwenye pikapu ndipo kicheko kilipotoka shimoni, cha wanawake wengi pamoja, kimekuzwa na mwamba. Mkuu alitembea mbele yetu bila kugeuka. Shingo yake ilikuwa na wino.

Kumbukumbu za kikao cha tathmini niliziandika mara tatu. Katika toleo lililopitishwa, mwenyekiti alifika hadi sehemu ya kati ya pango na kubaini ufinyu. Makamu alitaka liongezwe neno "kwa kina", likaongezwa. Kamati iliazimia kwamba wanafunzi wasiingie hadi njia itakapoboreshwa, na kibao cha mbao kikapelekwa kusimikwa kule, kikisema kuingia ni marufuku bila kibali. Wanawake walikipita kila siku wakienda kuchota maji. Baada ya miezi michache kilikuwa kimelazwa juu ya mawe mawili na kuanikiwa muhogo.

Makamu hakuishia hapo. Aliandika pendekezo la kuupanua Ubavu kwa nyundo na patasi na kujenga ngazi za saruji, na mlango wa chuma wenye kufuli. Habari zilimfikia mama. Alikuja shuleni siku ya kazi, amevaa nguo zake za kanisani, akaomba kumwona Mkuu. Mimi niliitwa kuandika.

"Mkipanua, ng'ombe wataingia," alisema. "Ng'ombe wakiingia, yale si maji tena. Panatubana sisi, lakini na uchafu panaubana."

Mkuu alilisoma pendekezo la makamu tena, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huku mama akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Kisha akaligeuza kifudifudi mezani.

"Hapatapanuliwa," alisema. "Andika hivyo, madam."

Nilimuuliza sababu, kwa ajili ya kumbukumbu.

"Andika hapatapanuliwa."

Makamu hakuzungumza naye kwa wiki nzima isipokuwa kwa maandishi.

Katikati ya 2015 Mkuu alipata barua ya uhamisho kwenda mkoa mwingine. Wiki yake ya mwisho, Jumamosi mchana, alikuja nyumbani kwangu. Nilidhani anaaga. Alikuwa amevaa fulana, suruali ya mazoezi na raba, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana kitu mfukoni. Alikuwa amepungua pia, si sana.

"Yule mama yupo leo?" aliuliza.

"Yupo."

"Hili haliandikwi popote."

"Haliandikwi, Mkuu."

Tulikwenda watatu. Mama hakuuliza tumekuja kufanya nini. Aliutoa muhogo juu ya kibao ili asije akaukanyaga mtu, akashika tochi kwa meno. Pale Ubavuni alimwuliza Mkuu habari za ng'ombe mvivu, naye akaanza kusimulia, akatoa pumzi, akasogea, akasimulia, akasogea. Mahali pa nundu alinyamaza na niliona vidole vyake vinatafuta. Nikampa mkono. Ilichukua muda mrefu, zaidi ya muda wa wanawake kumi na ndoo zao, lakini siku hiyo hapakuwa na foleni. Alitokea upande wa pili amechubuka shavu na tumbo.

Aliketi ukingoni mwa bwawa. Nilimwangazia juu, kule mawe yanakoning'inia, halafu akaniomba nizime. Tulikaa gizani tukisikiliza matone. Sijui alikuwa anawaza nini, na sikumuuliza. Alikunywa maji kwa kikombe cha bati, akanywa tena, akasema ni ya baridi.

Kurudi ilikuwa rahisi kidogo. Nje mama alikuwa amefukia viazi vitamu kwenye majivu kabla hatujaingia, akavifukua, tukaketi kula shambani. Mkuu alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi raba, fulana imetoboka, anamenya kiazi cha moto kwa kukirusha kutoka mkono huu hadi mkono ule. Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu alipita njiani akikokota baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Alitutazama, akapita, akasimama, akamtazama Mkuu mara ya pili.

"Shikamoo, Mkuu," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

"Marahaba," Mkuu alijibu, kiazi kikiwa mdomoni, na akamsogezea kimoja.